Mstari nilioruka

Mwaka wangu wa kwanza masijala niliruka mstari. Tulikuwa tunahamisha majina kutoka daftari kuukuu kwenda jipya, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya panya na unyevu kumaliza kilichobaki. Ukurasa mmoja ulikuwa umekunjwa katikati kwa miaka mingi, na ndani ya ule mkunjo palikuwa na jina la mtu, namba ya kiwanja na alama ya dole gumba. Macho yakashuka kutoka mstari wa 13 yakatua wa 15. Sikushtuka. Niligonga mhuri wa "Imehakikiwa", nikatia sahihi, nikafunga daftari.

Baada ya miezi minane mzee mmoja akasimama kaunta. Daftari jipya halikumjua. La zamani lilikuwa limeshapelekwa ghala la mbali, na kulitoa huko kulihitaji kibali. "Binti, hebu angalia tena," akaniambia, kwa upole kabisa, kana kwamba mimi ndiye niliyepatwa na shida. Nikaangalia tena. Hayumo. Akaambiwa alete mashahidi wawili. Alipowaleta, mmoja akagundulika ni shemeji yake, hafai. Akaleta mwingine, safari hii barua yake ikakosa mhuri wa ngazi ya chini. Nilikuja kuhesabu baadaye kwenye jalada lake: alifika kaunta mara 11.

Katika miezi hiyohiyo alijitokeza mtu mwingine ambaye jina lake nilikuwa nimelikosea herufi moja. Hakuja mwenyewe, alimtuma wakili. Wakili aliingia saa nne asubuhi, na kufikia saa tisa herufi ilikuwa imesharekebishwa, mkuu wangu akamsindikiza hadi mlangoni. Makosa yote mawili yalitoka kwenye mkono wangu, wiki moja, kalamu ile ile.

Sasa nina miaka 19 kazini, na kwa sababu ya mzee yule nimekuwa mtu wa kusoma historia ya uchumi usiku. Mimi si mchumi. Nimesoma kama karani anavyosoma, yaani natafuta fomu, rejista na mihuri, na wanapoanza hesabu za herufi za Kigiriki naruka kurasa (ndiyo, bado naruka).

Wanaojadili kwa nini nchi nyingine ziliendelea na nyingine zikabaki nyuma wana ubishi wao wa kuku na yai. Stanley Engerman na Kenneth Sokoloff walianza na pengo kati ya watu. Miwa inataka mashamba makubwa na mikono mingi isiyolipwa, ngano haina tatizo na shamba la familia moja. Kwa hiyo Karibi na Brazil zilianza zikiwa na matajiri wachache na watumwa wengi, na hao wachache wakatunga sheria za kujilinda. Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson, waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2024, wanaanzia kwenye taasisi: nani anaweza kumnyang'anya mwenzake mali, na nani anaweza kumzuia. Kabla ya wote hao, mwaka 1955, Simon Kuznets alidokeza kwamba pengo la kipato hupanuka nchi inapoingia kwenye viwanda, halafu hupungua. Watu walilishika wazo hilo kama andiko. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwamba makala yake pengine ni asilimia 5 ushahidi na asilimia 95 kukisia. Nampenda kwa ungamo hilo tu. Laiti kila jalada lingekuwa na maelezo ya namna hiyo kwenye gamba lake la juu, kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Nikiwasikiliza kwa pamoja nawaona wanazunguka kitu kimoja ambacho mimi hukishika kila siku. Utajiri wa mtu ukibaki mfukoni mwake unamhusu yeye na watoto wake. Bunge likibaki jengo na bendera halimgusi mtu. Mahali vinapokutana ni kwenye orodha: nani ameandikwa, nani ana ruhusa ya kuandika, na jina likikosewa inamgharimu nani kiasi gani kulirekebisha. Ndiyo maana siku hizi nikisoma juu ya nchi yoyote, huanza kwa kutafuta rejista zake.

Venice, mji wa bandari huko Italia, ina rejista ya ajabu kuliko zote nilizosoma habari zake. Katika karne za 11 na 12 mji ule ulitajirika kwa mkataba mmoja rahisi, waliouita *colleganza*. Mwenye fedha anabaki nyumbani. Kijana asiye na kitu ila afya na akili anapanda merikebu kwenda Constantinople au Alexandria. Katika aina moja ya mkataba, anayebaki anatoa mtaji wote na kuchukua robo tatu ya faida, msafiri anapata robo. Katika aina nyingine msafiri anatia theluthi moja ya mtaji na faida wanagawana nusu kwa nusu. Kijana akirudi salama mara tatu, mara nne, naye anakuwa mwenye fedha, anamtuma kijana mwingine. Diego Puga na Daniel Trefler walizipitia nyaraka za biashara hizo zilizosalia, na ndani yake wakaona koo mpya zikipanda. Matajiri wapya wakadai sauti, mtawala wa mji akapunguziwa mamlaka, Baraza Kuu likapata nguvu.

Nilipofika hapo nilidhani najua hadithi inavyokwisha: biashara iliyo wazi, baraza lililo wazi, neema juu ya neema. Kumbe waliokuwa wamepanda kwa ngazi ile ndio walioivuta juu. Mwaka 1297 Baraza Kuu lilipitisha utaratibu mpya wa kuingia: aliyewahi kukaa barazani katika miaka minne iliyotangulia anapita kwa urahisi, mgeni anachujwa. Mwaka 1315 ikatengenezwa orodha ya wanaostahili kuchaguliwa. Katika miaka hiyo kiti kikawa cha kurithi. Biashara ya masafa marefu ikafuata mkondo huohuo, merikebu za dola zikakodishwa kwa mnada ambao wasio waungwana hawakuruhusiwa kushiriki. Mwaka 1506 ikaamriwa kila mtoto wa kiungwana aandikwe anapozaliwa, na rejista hiyo ikajulikana kama Kitabu cha Dhahabu. Ukizaliwa nje ya kitabu, hata uwe hodari namna gani, unabaki nje.

Venice haikuanguka siku iliyofuata. Iliendelea kupendeza kwa karne nyingi, na hiki ndicho kinachonifanya niirudie mara kwa mara. Mji unaweza kufunga daftari lake na bado ukajenga makanisa na kuchora picha zinazostaajabisha ulimwengu. Kilichokoma ni yule kijana mwenye afya na akili. Mwaka 1797 majeshi ya Napoleon yalipoimaliza jamhuri ile, Kitabu cha Dhahabu kilichomwa moto hadharani. Akili yangu inawaelewa waliokichoma. Moyo wangu wa masijala unauma: walau wangebakisha nakala moja.

Pengo la Venice lilizaliwa na mafanikio. Taasisi nzuri iliwatajirisha watu, na fedha hizo ndizo zilizonunua kufuli. Wale wanaosema "tuweke kwanza taasisi nzuri, usawa utakuja wenyewe" nawaomba wausome mwaka ule wa 1297 taratibu.

Ardhi nitaipitia haraka kwa sababu imeandikwa sana. Mwaka 1850 Brazil ilitunga Sheria ya Ardhi: ardhi ya umma haipatikani tena ila kwa kununua. Aliyefyeka pori na kulilima bila fedha mkononi akabaki mvamizi. Mwaka 1862 Marekani ikatunga ya kwake: jaza fomu, lipa ada ndogo, kaa na kulima miaka mitano, na ekari 160 ni zako. Madai ya namna hiyo yapatayo milioni 1.6 yalikubaliwa. Miaka 12 tu inatenganisha karatasi hizo mbili, na mtu asiye na kitu alikuwa na maisha mawili tofauti kutegemea ipi ilimkuta. Hapa wengi huweka nukta. Lakini ekari zile hazikuwa tupu. Wenyeji waliokuwa wakiishi na kuwinda juu yake walifukuzwa kwanza, na daftari jipya likafunguliwa kana kwamba ukurasa ulikuwa mweupe. Fomu ya ukarimu kwa mmoja ilikuwa hati ya kuhamishwa kwa mwingine.

Nibaki Brazil, maana huko nilikuta jambo ambalo lingefaa kufundishwa kwa kila karani.

Chini ya katiba ya mwaka 1824, uchaguzi wa Brazil ulifanyika kwa hatua mbili, na katika hatua ya kwanza wanaume wengi wasiojua kusoma walipiga kura mradi wana kipato fulani, ambacho hakikuwa kikubwa. Uchaguzi ule ulijaa vitisho na hila, lakini zaidi ya watu milioni moja walikuwa kwenye orodha mwanzoni mwa miaka ya 1870. Mwaka 1881 ikaja sheria ya mageuzi, iliyosifiwa kwamba italeta uchaguzi wa moja kwa moja na ulio safi. Ilimtaka anayejiandikisha aonyeshe uthibitisho wa kipato na ajue kusoma na kuandika. Hii ni nchi ambayo sensa ya mwaka 1872 ilikuta zaidi ya watu wanane katika kila kumi hawajui kusoma. Orodha ikashuka hadi chini ya watu 150,000.

Tazama jinsi mtego ulivyotegwa. Asiyejua kusoma hapigi kura. Anayepiga kura tayari ana mwalimu wa watoto wake, hana haraka ya kulipa kodi ili mtoto wa kibarua wake ajengewe shule. Kwa hiyo shule haijengwi, na mtoto wa kibarua anakua bila kusoma, na uchaguzi ujao orodha ni ileile. Hakuna aliyelazimika kuwa katili. Kila mmoja alifuata utaratibu. Utumwa ulifutwa mwaka 1888, jamhuri ikaja mwaka 1889, katiba mpya ikaandikwa mwaka 1891, na sharti la kusoma likabaki palepale. Wasiojua kusoma walirudishiwa kura mwaka 1985. Ni zaidi ya karne moja.

Na hata 1985 mlango haukufunguka sawasawa. Kura za wabunge zilipigwa kwa karatasi, na kwenye karatasi mpiga kura alitakiwa aandike mwenyewe jina au namba ya mgombea. Umepewa haki ya kupiga kura bila kujua kuandika, halafu unapewa kalamu. Mwandiko usiosomeka, namba iliyoangukia kwenye kisanduku kisicho chake, nafasi iliyoachwa wazi kwa aibu, vyote vilihesabiwa kuwa kura zilizoharibika. Nimekaa kaunta vya kutosha kuijua sura ya mtu anayeambiwa ajaze fomu mbele ya foleni. Anasema amesahau miwani. Nimewaona wengi sana waliosahau miwani.

Miaka ya 1990 ikaletwa mashine. Ina vitufe vya namba kama simu. Unabonyeza namba ya mgombea, picha yake inatokea kwenye kioo. Ukiona ndiye, unabonyeza kitufe cha kijani. Ukikosea, kuna cha rangi ya chungwa cha kufuta. Mwaka 1998 hazikutosha nchi nzima, kwa hiyo zikapelekwa kwenye manispaa zenye wapiga kura zaidi ya 40,500, na zilizo chini ya hapo zikaendelea na karatasi hadi uchaguzi uliofuata. Mchumi Thomas Fujiwara aliiona zawadi ile: manispaa yenye wapiga kura 40,000 na yenye wapiga kura 41,000 hazitofautiani kwa lolote isipokuwa kitufe cha kijani. Akakuta mashine iliokoa zaidi ya kura 10 katika kila 100 zilizopigwa, kura ambazo kwenye karatasi zingeharibika. Walionufaika zaidi ni wasiosoma. Halafu akafuatilia fedha. Serikali za majimbo ambako kura hizo ziliongezeka ziliweka sehemu kubwa zaidi ya bajeti kwenye afya ya umma. Wajawazito wasio na elimu kubwa wakaonwa na wahudumu wa afya mara nyingi zaidi, na watoto wao waliozaliwa na uzito pungufu wakapungua. Kwa kina mama wenye elimu hakuna kilichobadilika. Hao walikuwa wanahudumiwa tangu zamani.

Niliposoma hilo nilifunga kitabu nikaenda kusimama dirishani. Hakuna aliyegawiwa mali. Hakuna katiba iliyoandikwa upya. Kilichobadilika ni namna ya kujaza fomu, na mtoto fulani akazaliwa akiwa na uzito wake kamili.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua, maana nadharia yoyote ikikaa vizuri mno huwa naishuku. Mwaka 1573 Francisco de Toledo, aliyetawala Peru kwa niaba ya mfalme wa Hispania, alianzisha shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, iliyoitwa *mita*. Jamii zaidi ya 200 za milimani zilitakiwa kutoa mwanamume mmoja katika kila saba kwenda kuchimba fedha Potosí au zebaki Huancavelica. Mfumo ulidumu hadi 1812. Melissa Dell alichora mpaka wa zamani wa wilaya zilizotoa watu na zile za jirani zilizosamehewa, akalinganisha maisha ya pande mbili za mstari huo siku hizi. Matumizi ya kaya upande wa shokoa yalikuwa chini kwa takribani asilimia 25. Watoto waliodumaa walikuwa wengi zaidi. Karibu miaka 200 baada ya kufutwa!

Hadi hapo karani anatikisa kichwa kukubali. Lakini Dell alipouliza njia gani jambo hili lilipita, akakuta kinyume cha nilichotarajia. Upande wa shokoa serikali iliwazuia makabaila wasianzishe mashamba makubwa, isije ikagombania nao wafanyakazi. Ardhi ikabaki mikononi mwa jamii, kwa hiyo kwa kipimo cha umiliki palikuwa na usawa zaidi. Upande wa pili makabaila walijitwalia mashamba, wakawa na watu chini yao, hakuna aliyewaita watenda haki. Lakini kabaila alikuwa na jina lililoandikwa. Hati yake ilitambulika, alijua mlango wa kubisha, akitaka barabara ya kupeleka mazao yake sokoni alijua nani wa kumsumbua. Barabara ikija, hata kibarua wake aliitumia. Wanajamii wa upande wa shokoa walikuwa sawa kwa sawa, na orodha iliyobeba majina yao ilikuwa ile ya kuwapeleka migodini.

Kwa hiyo usawa wa wasiotambulika haujengi barabara. Nilichukua muda kulikubali, na bado sijaridhika nalo. Nasikia mtu akilitumia kuwatetea makabaila wa kila mahali. Dell alilinganisha mabaya mawili; hakuwa na upande wa tatu ambapo wakulima wadogo wana hati na dola ya kuwasikiliza.

Prussia, ile dola ya zamani ya Wajerumani, nayo inanitoa jasho. Kuanzia 1849 hadi 1918 wapiga kura wake waligawanywa madaraja matatu kwa kodi waliyolipa, kila daraja likichagua theluthi moja ya wajumbe. Katika uchaguzi wa mwanzo daraja la juu lilikuwa na chini ya asilimia 5 ya wapiga kura, la chini zaidi ya asilimia 80, na kura ilitamkwa kwa sauti mbele ya watu, bosi wako akisikia. Huwezi kubuni daftari la upendeleo kuliko hilo. Na bado nchi ile ilijenga reli, viwanda vya chuma na vyuo vya sayansi kwa kasi iliyowatia hofu majirani. Shule za msingi zilikuwa zimeenea tangu mapema, na hilo naona linaeleza mengi: waliwanyima watu kura, hawakuwanyima herufi. Mengine siwezi kuyaeleza na sitajifanya ninayaweza.

Botswana inanipa tumaini la nusu. Mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya uhuru, haki za madini ziliandikwa kwa jina la dola badala ya kabila lenye ardhi. Almasi za Orapa zilikuwa kwenye ardhi ya Bangwato, watu wa Seretse Khama mwenyewe, rais aliyesimamia sheria hiyo. Angeweza kungoja. Mstari huo mmoja uliwaepusha na vita ambavyo vito vimeleta kwingine, na uchumi ukakua kwa miongo. Lakini pengo la kipato limebaki miongoni mwa makubwa zaidi duniani, kwa sababu kuandika kwamba mali ni ya wote ni hatua moja, na kuamua nani anagaiwa nini ni daftari jingine.

Mfano ninaoupenda kuliko wote una madaftari mawili, na kati yake karibu miaka 200. Mwaka 1793 Lord Cornwallis alipanga kodi ya ardhi ya Bengal, huko India, kwa niaba ya Kampuni ya Waingereza ya East India. Kampuni haikutaka kushughulika na mamilioni ya wakulima, ikawaandika wakusanya kodi wakubwa, *zamindar*, kuwa ndio wenye ardhi, kwa kiwango cha kodi kisichobadilika milele. Sharti lilikuwa kali: asiyelipa kufikia kuzama kwa jua siku iliyopangwa, eneo lake linapigwa mnada. Lakini akilipa, anavyomfanya mkulima ni juu yake. Kwa karani hiyo ni kazi nyepesi sana. Majina machache, safu zimenyooka, hesabu inafunga. Kwingineko India, hasa Madras, Waingereza waliandika mkulima mmoja mmoja, kazi ya kuchosha. Abhijit Banerjee na Lakshmi Iyer walionyesha kwamba baada ya uhuru, makabaila wakiwa wameshafutwa kisheria, wilaya zilizowahi kuwa chini yao ziliendelea kuwa nyuma katika uwekezaji wa kilimo na katika shule.

Daftari la pili lilifunguliwa West Bengal, jimbo la India, mwaka 1978. Kulikuwa na wakulima, *bargadar*, waliolima ardhi ya wengine na kumlipa mwenye shamba sehemu ya mavuno, mara nyingi nusu. Sheria ya kuwalinda ilikuwepo tayari: aliyeandikishwa na kulipa sehemu iliyowekwa kisheria hafukuzwi, na haki yake wanawe wanairithi. Neno lililobeba mzigo wote ni "aliyeandikishwa". Kujiandikisha kulimaanisha kwenda ofisini mchana, kuacha kibarua cha siku hiyo, kumkuta karani anayekula na mwenye shamba, na kurudi nyumbani ukute shamba ameshapewa mwingine. Wachache walithubutu.

Serikali mpya ya jimbo, ya mrengo wa kushoto, iliyoshinda uchaguzi mwaka 1977, ilifanya jambo ambalo mtu wa masijala peke yake ndiye anayelielewa ukubwa wake: ilihamisha kaunta. Maofisa walikwenda vijijini, wakaitisha mikutano jioni, watu wanapotoka shambani. Waliwaandika wakiwa kundi, ili mmoja asitishwe peke yake. Walitembelea mashamba kuhakiki. Kisha orodha ilibandikwa hadharani, mwenye kipingamizi aseme, na mwishowe hati ikatolewa. Mwaka huohuo wa 1978 zikafanyika chaguzi za mabaraza ya vijiji. Zaidi ya wakulima milioni moja waliandikwa. Banerjee, Paul Gertler na Maitreesh Ghatak waliochunguza matokeo walikuta tija ya mashamba imepanda. Mtu anayejua mwakani atakuwepo huweka mbolea, huchimba mfereji, hubishana juu ya mgawo wake bila kutetemeka.

Hakuna ardhi iliyogawiwa kwa zoezi lile. Mwenye shamba alibaki na hati yake. Na sheria ilikuwa imekaa kabatini kwa miaka mingi. Wanaouliza kipi kitangulie, usawa au taasisi, wangeona pale kijijini jioni vikija pamoja kwenye meza moja ya kukunja, chini ya taa, ofisa akiuliza "jina la baba?" na kuandika.

Mzee wangu naye alipata siku yake. Mara ya 11, daftari la zamani lilirudi kutoka ghalani likiwa limefungwa kwa kamba, nami nikaombwa nilifungue kwa kuwa sahihi ya uhakiki ilikuwa yangu. Niliukunjua ule ukurasa mbele yake kwa ncha za vidole, jina likajitokeza, na dole gumba pembeni, wino ukiwa bado mweusi kwa kuwa haukuwahi kuona mwanga. Nikamwomba radhi. Hakujibu hilo. Aliniomba nimsomee jina lililo juu yake na lililo chini yake. Nikamsomea la juu, akaitikia kwa kichwa, jirani mwema, marehemu. Nikamsomea la chini. Lilikuwa la yule aliyegombana naye mpaka kwa miaka 30.

"Huyo," akasema, akichukua fimbo yake, "hukumruka."